Zumari Nililomwahidi Binti wa Asali

Haya, wenye viti kaeni, wasio na viti egemeeni ukuta, ila msiguse hiyo hita, imeshachoma makalio ya watu wa maana. Nani hana chai? Mpeni chai. Nani ametia sukari vijiko vinne? Huyo ni mwenzangu, asogee hapa mbele. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyomwoa mwanamke mmoja mara mbili, na ile mara ya pili nusura tufike Uxbridge kabla sijamwoa.

Mimi, kabla sijawa mzee wa kupanda basi bure hapa London, nilikuwa mwanajeshi huko nyumbani Kenya. Msinitazame hivyo, sijawahi kumpiga mtu risasi. Nilipiga zumari. Lile la mfuko, la Waskoti, ambalo mabomba yake yanachomoza kama miguu ya mnyama aliyelala chali. Wazungu walipoondoka walituachia reli, chai ya maziwa na hilo zumari. Kambini tuliliita mbuzi, kwa sababu mfuko wake ni wa ngozi, na kwa sababu ukilikumbatia asubuhi kabla halijapata joto, linalia kama mbuzi aliyeona kisu.

Siku ya kuandikishwa nilikuwa nimeomba kazi ya jikoni, maana sikuwahi kusikia mpishi amekufa njaa. Sajini wa bendi akapita kwenye foleni na ule mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto, wa kukandia tumbo, anampa kila kijana apulize. Wenzangu wakapuliza mpaka macho yakawatoka kama ya chura. Mimi nimekua nikimpulizia mama moto wa kuni mbichi, kuni ambazo jana yake zilikuwa bado na ndege juu. Nikapuliza pumzi moja, mfuko ukapasuka, kipande kikamvua miwani daktari aliyekuwa akitupima. Sajini akanishika bega polepole, kama mtu aliyeokota ng'ombe asiye na mwenyewe.

Kusoma sijui sana. Shule niliipita kwa nje nikienda sokoni. Kwa hiyo nyimbo sajini alinifundisha kwa mdomo. Anaimba hiri-ri, hodo-ro, na mimi nyuma yake hiri-ri, hodo-ro, mpaka wimbo unakaa tumboni, ndipo vidole vinaruhusiwa kuugusa. Mpaka leo majina ya watu nasahau, hata la daktari wangu nasahau akiwa anaongea na mimi, lakini wimbo haujawahi kunitoka.

Na sheria yetu kubwa ilikuwa moja. Huanzi mpaka uambiwe, huachi mpaka uambiwe. Kiongozi wa bendi akiinua mkono mmoja juu, unanyamaza. Asipouinua, unapiga. Mvua inakuja, unapiga. Siafu wako ndani ya soksi, unapiga. Mwenzetu mmoja alitumbukia kwenye mtaro katikati ya gwaride, na kwa kuwa hakuna aliyeinua mkono, akaendelea kupiga akiwa humo humo. Tulipita juu yake tukisikia bendi ya pili chini ya ardhi. Ukifanya kazi hivyo ujana wako wote, inaingia kwenye mifupa. Hata leo mtu akipunga mkono kuita teksi, mimi nanyamaza.

Sasa, mbuzi wa ngozi ana tabia yake. Akikauka anavuja. Dawa yake ni kumlisha: unapasha asali na mafuta kidogo, unamimina ndani, unamkanda kama unga wa chapati, halafu unamning'iniza achuruzike. Ndiyo maana siafu wa kambi yetu walikuwa wanene kama panya. Asali tulinunua kwa mama mmoja nje ya geti. Siku moja mama hakuja, akaja binti yake.

Haki ya Mungu, kuanzia hapo mbuzi wangu alipata njaa ya ajabu. Nilinunua chupa Jumatatu, nikanunua Jumanne, Jumatano nikanunua mbili. Binti akanitazama juu mpaka chini.

"Afande, bendi nzima inakohoa?"

Nikamwambia asali ni ya mbuzi. Akataka kujua ni mbuzi gani huyo anayekula asali na mwenyewe amekonda hivi. Basi jioni nikamleta mbuzi mpaka getini, nikapiga wimbo wa polepole, mmoja ambao sajini alinifundisha na hakuwahi kuniambia jina lake. Ng'ombe za watu zilikimbia mpaka wilaya ya pili. Kuku wa kambi walisusa kutaga. Yeye alisimama pale pale na chupa zake, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Nilipomaliza hakunisifu. Alisema tu, "Siku yangu ya kuingia kanisani nitaingia na huyo."

"Utaingia na huyu," nikamwambia, "na nitampiga mimi mwenyewe."

Hiyo ndiyo ahadi. Ishikeni vizuri, maana hayo mengine yote ni jasho la kuitafuta.

Tulioana kwa wazee. Mahari ilikwenda, watu wakala, watoto wakaja. Lakini la kanisani lilikataa. Kila tukipata Jumamosi, mkubwa fulani anatembelewa na mkubwa mwenzake, na wakubwa, sijui kwa nini, hawawezi kushikana mikono mpaka mbuzi alie. Nimewapigia wenye nyota mabegani. Nimewapigia waliolazwa kaburini, natembea kuondoka huku napiga, sauti inakwisha kidogo kidogo nyuma ya miti, hapo hata majenerali wanatafuta leso. Na mabibi harusi ndiyo msiseme. Nimewaingiza kanisani mabinti wa maofisa mpaka nilikuwa nawajua kwa mlio wa viatu. Mke wangu anatazama kutoka kwenye ua wa seng'enge na mtoto mgongoni. Jioni nikirudi ananiuliza gauni lilikuwaje, namwambia lilikuwa jeupe. Anasema, "Na mbuzi?" Namwambia mbuzi alilia vizuri. Anasema, "Haya," na kunipakulia chakula.

Tena mara nyingi sikuwa hata nyumbani. Bendi ilisafiri, na mimi nilisafiri na kofia ya gwaride. Ile ya kila siku, ya kukunjika, yenye tepe mbili nyuma, ilibaki msumarini sebuleni. Mke wangu akaizoea. Akipakua chakula anaiambia, "Afande, karibu mezani." Akigombana na jirani anaingia ndani anaishtakia. Binti yetu alipoanza kusema, wa kwanza kumwita baba hakuwa mimi. Ilikuwa kofia. Nilirudi safari moja nikakuta mtoto ananililia mimi mgeni na kuipungia kofia mkono.

Binti huyo huyo alikua, akasomea unesi, akaja kufanya kazi huku. Alipojifungua, mama yake akaja kumsaidia kulea. Alikuja kwa miezi michache, na huku London miezi michache ina mazoea ya kuzaa mingine. Akapata kazi ya kutunza wazee Harrow, kuwaogesha, kuwalisha, kuwafunga vifungo. Mimi nilibaki nyumbani namalizia jeshi. Kwenye sanduku lake alibeba kitenge, unga, na ile kofia ya msumarini. Mimi sikujua. Nilizunguka nyumba nzima nikiitafuta, nikamshuku mpaka mbwa.

Miaka hiyo tuliishi kwa simu. Alikuwa anaamka kabla ya jua, anatembea mpaka kituo cha basi cha Rayners Lane, na hapo, basi likichelewa, ananipigia. Kwetu jua lilikuwa limeshachomoza. Hakuwa na mengi ya kusema, baridi ilikuwa imemshika mdomo. Ananiambia tu, "Afande, ule wa polepole." Naiweka simu juu ya ndoo, namkumbatia mbuzi, napiga. Ananisikiliza mpaka taa za basi zitokee kwenye kona. Halafu simu inakata.

Nilipostaafu nikaja. Uwanja wa ndege mbuzi alipita kwenye ile mashine ya kuonea mizigo, wakaitana maofisa saba kutazama pweza. Nikafika Harrow, nyumba ya binti yangu, na kitu cha kwanza nilichokiona ukutani ni kofia yangu. Nilisimama pale na sanduku mkononi. Mke wangu akasema, "Hiyo ndiyo ilinivumilia baridi. Wewe karibu."

Sasa kanisa letu ni la Wakongo. Ukumbi wa kukodi tu, nyuma ya barabara ya maduka pale Rayners Lane, lakini wakianza kusifu, mabati ya Harrow yote yanatikisika, na Harrow haina mabati. Mchungaji ni mtu mpole, mwenye suti za rangi ambazo bado hazijapewa jina. Siku moja akahubiri kwamba waliooana kwa wazee na hawajabarikiwa kanisani wajitokeze. Mke wangu akanyanyuka kabla hajamaliza sentensi. Akasema yeye yuko tayari tangu zamani, anangoja mbuzi tu. Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba chakula kitapangwa baadaye.

Mimi nikapiga makofi na wengine, lakini si kwa furaha peke yake. Kulikuwa na jambo sijamwambia mtu. Kifua changu kilikuwa kimeanza kunikimbia. Ngazi za nyumba ya binti yangu nilikuwa nazipanda kama mlima Kenya, na kupumzika katikati kupiga hema. Nikaenda kwa daktari, akanipa kibomba cha kupimia pumzi. Zamani ningekipuliza kile kibomba wangekitafuta mpaka mji wa Luton. Siku hiyo alama ilipanda kidogo, ikajuta, ikarudi kulala. Daktari akaniuliza napenda muziki gani. Nikamwambia zumari la mfuko, tena kwa kutembea. Akavua miwani. Akasema hanikatazi, ila ananipa ushauri: redio.

Juu ya hapo meno. Mpiga zumari anauma lile bomba la kupulizia maisha yake yote, na bomba nalo linakuuma pole pole. Mbele nilikuwa nimebaki na dirisha. Wakaniwekea meno ya bandia, mazuri, meupe kama ya mtangazaji wa televisheni. Nikajaribu kupiga nayo, yakatoka mdomoni, yakavuka meza, yakaishia kwenye sufuria ya maharagwe. Binti yangu akasema, "Baba, tutaweka muziki kwa spika, hakuna atakayejua." Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. Akasema spika ni sawa tu, yeye hana neno, watu wote siku hizi wanatumia spika. Alisema kwa sauti ile ile aliyosemea "haya" zamani kule kambini, na kuendelea na mboga.

Ningemezaje chakula hicho? Nikaanza mazoezi kesho yake.

Nyumba za huku, mnazijua, mbili zimegawana ukuta mmoja kama mapacha wanaogawana blanketi. Upande wa pili anaishi mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, mwenye duka la nafaka na viungo Rayners Lane. Kiswahili chake ni cha kwao kabisa, kimetulia. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili akagonga mlango.

"Mzee, kama ni mnyama, chinja basi tulale. Kisu mimi naleta."

Mke wangu akamweleza habari yote, ahadi, kifua, kanisa. Yule mama akasikiliza, akamtazama mke wangu. Wamefahamiana tangu mke wangu alipokuwa anapita mbele ya duka lake na sare ya kazi, anakimbilia basi. Akasema stoo yake ya nyuma ina magunia ya mchele mpaka darini, na magunia yanameza sauti. Basi ndiyo ikawa kambi yangu. Kila mchana nilisimama katikati ya basmati na dengu, meno mfukoni, nikimpuliza mbuzi. Wateja walimwambia friji lake linakufa. Mmoja aliacha kununua nyama. Mwanzoni pumzi yangu ilikuwa inanifikisha kwenye gunia la kwanza. Nikaja kufika la pili, halafu mlangoni, halafu mlangoni na kurudi. Asali alinipa yeye, ya mbuzi, akakataa malipo, akasema hajawahi kumlisha mbuzi wa mtu bila kualikwa harusini.

Ikabaki shida ya mchungaji. Alituita ofisini, na ofisi yenyewe ni kabati la mafagio lenye viti.

"Papa," akaniambia, "wewe uko bwana harusi ao uko muziki? Bwana harusi anasimama mbele, anangoja. Sasa wewe uko nje unapiga, mimi nitaangalia nani pale? Nitafungisha ndoa na upepo?"

Mke wangu akafungua mkoba wake, akatoa ile kofia, akaiweka juu ya meza mbele ya mchungaji.

"Wekeni hii," akasema. "Tumezoeana."

Mchungaji alicheka mpaka mafagio yakaanguka. Tukakubaliana: kofia itakaa kwenye kiti cha bwana harusi, mimi nitampiga mbuzi kutoka uwanja wa magari mpaka pale mbele, nikifika mchungaji atainua mkono mmoja nami nitanyamaza, nitavaa kofia, na hapo nitakuwa bwana harusi. Nikamkumbusha mara tatu: mkono mmoja, mchungaji. Akasema Papa, mkono moja, nimesikia.

Siku yenyewe London ilipatwa na joto. Si joto la kwetu, ila la kutosha watu kuzimia. Wakafungua mlango wa pembeni wa ukumbi, wakauzuia kwa kiti upitishe hewa. Kumbukeni na huo mlango. Mke wangu akashuka kwenye gari la binti yetu amevaa gauni jeupe, na mimi, nimeingiza mabibi harusi wa dunia nzima, nilisahau mahali mkono wa kushoto unakaa. Nikatia meno mfukoni. Nikampa mbuzi pumzi. Akalia mara moja, akashika sauti, nikaanza kutembea, naye nyuma yangu. Nilivijua viatu vyake kabla sijavisikia.

Ndugu zangu, Wakongo mnawajua. Sisi tukisikia muziki tunatikisa mguu, wao wanamrudishia Mungu mwili mzima. Mbuzi alipoingia mlangoni ukumbi wote ulisimama ukapiga vigelegele, na mikono ikapanda juu. Mbele yangu palikuwa msitu wa mikono. Nikatembea katikati, kifua kinashika, natafuta mkono wangu mmoja. Nikafika mbele. Kofia iko kwenye kiti, imetulia, tepe zimenyooka. Nikamtazama mchungaji. Amefumba macho, machozi yanamtoka, na mikono yake iko juu.

Yote miwili.

Sasa niambieni ninyi. Mkono mmoja ni kunyamaza. Mikono miwili ni nini? Hilo sikufundishwa. Nikapiga miguu pale pale mbele ya kofia, kushoto kulia, kushoto kulia, nikingoja ashushe mmoja. Hashushi. Mbele ni ukuta. Pumzi naiona inavyopungua. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti, chini chini, lakini ya kambini kabisa, sauti ya mtu aliyekaa miaka upande wa pili wa seng'enge akisikiliza gwaride.

"Kushoto, geuka."

Mifupa haikuniuliza. Nikageuka kushoto, na kushoto kulikuwa na mlango. Tukatoka, mimi, mbuzi na bibi harusi. Ndani waliendelea kusifu, wakidhani ndivyo Wakenya wanavyooa.

Nje akaniambia tena, "Kulia," na kulia ni barabara ya maduka. Hapo nikaelewa mkubwa wangu ni nani. Tukaipanda barabara. Kinyozi akatoka na mteja mwenye povu nusu ya uso. Watu wakajaa kwenye madirisha, magari yakajipanga nyuma yetu mpaka Pinner, hakuna hata moja lililopiga honi. Mke wangu alikuwa anatembea katikati kabisa ya njia, polepole, anawaitikia watu kwa kichwa, upande huu, halafu upande huu. Miaka yote barabara hiyo ilikuwa inamjua kwa sare ya kazi, mbio, mkoba begani. Mama wa duka akasimama mlangoni kwake na mchele kwenye viganja vyote viwili, akatumwagia.

"Mama, leo huna haraka ya basi?"

"Leo litaningoja," akasema mke wangu.

Tukafika kituo cha basi, akasema, "Simama." Nikasimamisha miguu. Mkono hakuinua, kwa hiyo mbuzi nikamwacha alie. Akazunguka akaja mbele yangu, akaondoa shela usoni.

"Hapa," akasema. "Nilikuwa nasimama hapa, chini ya hiyo taa. Ule wa polepole, afande."

Pumzi niliyobaki nayo isingezima mshumaa. Lakini nikabadilisha vidole nikauanza, hiri-ri, hodo-ro. Basi likaja. Dereva akafungua mlango, akatutazama, akazima injini. Waliokuwa ndani wakasogea madirishani. Mke wangu alisimama kichwa amekiinamisha upande, kama ile jioni ya chupa, na mimi nikawa sioni vizuri, tuseme ni jasho. Wimbo ulikuwa bado, pumzi ikaisha. Kwisha kabisa. Lakini mbuzi ana wema mmoja ambao vyombo vingine havina: yako ikiisha, yeye bado ana ya kwake tumboni. Nikaacha kupuliza, nikamkumbatia tu. Nikamkamua kwa kiwiko, nikamkamua kwa kifua, nikamkamua kwa mikono yote pamoja na miaka ya simu, na ile hewa ya mwisho ikatoka polepole ikaufikisha wimbo mwisho wake.

Mke wangu akainua mkono mmoja.

Binti yetu alitufikia anakimbia, viatu mkononi, akihema, akasema mchungaji amefumbua macho amekuta kofia peke yake. Tukarudi. Njiani alinishika kiunoni, mzigo wote wa bendi nzima umemwegemea yeye, na watu wakatupigia makofi mpaka mlangoni.

Kanisani mchungaji alikuwa amelowa jasho, leso yake ilikuwa ya kukamua. Kofia ilikuwa pale pale kwenye kiti, safi, wima, haijaenda mahali. Mimi nilisimama pembeni yake mbuzi amenilala begani, mchele kwenye nywele, mdomo hauna meno. Mchungaji akaniuliza kama namkubali mwanamke huyu. Nikasema namkubali, kwa sauti ya puto linaloachiwa. Akamgeukia yeye, akamuuliza kama anamkubali mwanamume huyu.

Mke wangu akanitazama mimi, kuanzia juu mpaka viatu. Akaitazama kofia. Akarudi akanitazama mimi.

"Mchungaji," akasema, "kwani hatukukubaliana ni kofia?"